Digrii Hamsini na Nne

Jumamosi ya nusu bei kwenye lile duka la mitumba la Hopkins, Minnesota, watu hawatembei, wanasukumana kwa adabu. "Sorry," halafu kiwiko. "Excuse me," halafu troli kwenye kisigino. Katikati ya adabu hiyo alikuwepo mwanamume mmoja amekumbatia bomba jeupe la darubini kama mtu aliyebeba mgonjwa, anazunguka duka zima kutafuta miguu.

Miguu ya darubini, jamani. Ya kwake alikuwa nayo, ndani ya viatu vya theluji, na ilikuwa Aprili.

Wafanyakazi wa duka hawakujua kwamba vile ni kitu kimoja. Bomba walilipeleka kwenye ndoano za samaki, stendi wakaiweka kwenye kamera. Na kwenye kamera stendi haikuwepo tena. Ilikuwa begani kwa mwanamke mwenye koti la njano la sufu na kitambaa cha kitenge kichwani, anaelekea foleni ya kulipa kwa mwendo wa mtu asiyetaka maongezi.

Mwanamume akamuwahi, akamweleza shida yake kwa Kiingereza cha kazini, kile cha kulainisha wateja. Mwanamke akamsikiliza mpaka mwisho, akatazama jaketi lake, ambalo kifuani lilishonwa NORM kwa uzi mwekundu, akajisemea kwa Kiswahili, "Mh! Hata jina la mitumba."

"Jina langu lipo nyumbani, dada," akajibu. "Hili ni la kutokea."

Stendi ikamteleza begani.

"Mungu wangu! Kumbe wa nyumbani! Nilidhani mtu wa Liberia."

"Tukuyu. Gwakisa."

"Avelina. Kilema, Moshi. Nisamehe, kaka."

"Nipe miguu yangu nikusamehe."

"Miguu yako? Risiti iko wapi?"

"Sasa stendi bila darubini utaifanyia nini?"

"Mimi mpima ardhi. Nikiona miguu mitatu imesimama siwezi kupita, nasikia kama imeniita kazini. Na wewe, darubini bila stendi?"

"Nitaishika kwa mkono."

"Bomba lote hilo, usiku kucha?"

Gwakisa akalihamishia bomba kwapa la pili. Na bomba lenyewe halikuwa zito kiasi hicho.

Hakuna aliyekubali kuacha chake, kwa hiyo walitoka dukani pamoja, mmoja na bomba, mwingine na miguu. Walipofika nje ikaonekana mwenye gari ni Avelina. Gwakisa akasema yeye haendeshi, anapenda kuangalia nje. Avelina akacheka. Mtu mzima wa miaka thelathini na minane, miaka tisa Minnesota, haendeshi kwa sababu anapenda kuangalia nje! Alicheka, akasahau. Msomaji asisahau.

*

Gwakisa alikata vioo vya miwani kwenye karakana moja huko Saint Louis Park. Alikuja kusoma mwaka tisini na saba. Alikuwa na binti wa miaka minane, Ikupa, aliyezaliwa hapahapa. Mama wa mtoto, Wambui, alikuwa Burnsville na mume mwingine, akigawana na Gwakisa wiki za mtoto bila kelele. Avelina alikuwa na miaka thelathini na mmoja, anasomea shahada ya pili ya ramani kwa ufadhili, na ufadhili ulikuwa na sharti moja tu: mwisho wa Desemba 2007 awe amerudi kwa mwajiri wake.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa na tarehe. Ya Avelina ilijulikana na kila mtu.

Mapenzi yao yalianza kwa simu, kama ya watu wote wenye shifti tofauti.

"Umekula, mama?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Nudozi."

"Hizo siyo chakula, hizo ni kamba za viatu. Njoo nikupikie kande."

"Gwaki, kande zako za juzi Ikupa alizipa jina. Alisema *it's like cement*."

"Mtoto yule anaelewa kila kitu, ila kujibu kwa Kiswahili hataki, na kusifu chakula hataki. Njoo basi tuangalie nyota. Nyota sizipiki mimi."

Nyota ziliwapeleka kwa mzee James. James alikuwa fundi mashine mstaafu, Mmarekani mrefu mwenye ovaroli na maneno machache, mwanachama wa klabu ya watu wanaopima nyota mbilimbili. Kwa macho unaona nyota moja, kwenye darubini zinakuwa mbili. Unapima mambo mawili: ziko mbali kiasi gani, na ile ndogo iko upande gani wa ile kubwa, kwa digrii kuanzia kaskazini. Basi. James aliwaazima kioo chake cha kupimia, chenye rula na duara la digrii ndani, akawapa na nyota ya kuanzia. Inaitwa Albireo, iko kwenye kichwa cha kundi la nyota liitwalo Bata-maji, moja ya dhahabu na nyingine ya bluu.

"Zinazungukana," aliuliza Avelina, "au zimekutana tu njiani?"

"Hakuna anayejua," James alisema. "Zinatembea polepole mno. Ndiyo maana tunapima."

Mimi msinitazame, sijasema kitu.

Sheria ya James ilikuwa hii: kila mtu anapima peke yake, anaandika kwenye daftari lake, hamwonyeshi mwenzake mpaka kazi iishe. Ukijua mwenzako kapata ngapi, jicho lako litamfuata. Avelina aliipenda sheria hiyo kuliko Gwakisa. Chuoni kwao Dar aliwahi kufukuzwa uwandani siku nzima kwa kosa la kutumia raba ya kufutia. Daftari la mpima ardhi halifutwi. Ukikosea unakata mstari mmoja, kosa lisomeke chini yake, unaandika sahihi pembeni, unasaini. Mpima anayefuta, alisema, ndiye anayehamisha mpaka wa jirani.

"Na kwenye mapenzi?" Gwakisa alimtania.

"Hivyohivyo."

Msimu ule wa kiangazi wa 2007 walipima jioni kumi na moja. Avelina aliendesha gari dakika arobaini mpaka uwanja wa klabu, Gwakisa akiwa na bomba mapajani, Ikupa nyuma na blanketi na kitabu. Mbu wa Minnesota waliwapokea kama ndugu. Mmoja akiinama kwenye kioo, mwingine alishika tochi nyekundu na kumpapasa mgongo, na sijui sheria ya James ilisemaje kuhusu mgongo.

Agosti, uwanjani palepale, Gwakisa alisema, "Krismasi twende wote Kilema. Nimwone baba yako."

"Unasema kweli?"

"Nasema."

Avelina akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari lake, akaandika kwa penseli: *Krismasi 2007, Kilema. Gwakisa kwa baba.* Kesho yake akapiga simu nyumbani. Ndani ya wiki mama yake alikuwa ameshaagiza ulezi wa pombe ya mbege, na baba mdogo wa Rombo amepewa taarifa, na ukimpa baba mdogo wa Rombo taarifa umeipa mkoa.

*

Oktoba James aliomba madaftari. Gwakisa akasema atayapeleka yeye. Usiku huo jikoni kwake aliyafungua yote mawili.

Digrii zake zilicheza kwenye hamsini na nne. Za Avelina zilikuwa mia tatu na sita. Zote, jioni zote kumi na moja.

Alielewa haraka. Mpima ardhi anahesabu digrii kwa mwendo wa saa, ndivyo alivyofundishwa, mkono wake hauwezi vingine. Mbinguni zinahesabiwa kinyume, kutoka kaskazini kwenda mashariki, na ukitazama juu mashariki iko kushoto. Avelina alikuwa amepima vizuri sana kuelekea upande usio wenyewe.

Jambo la kufanya lilikuwa rahisi: kumpigia simu. Lakini akilini alimwona mbele ya James, mpima ardhi mwenye shahada, anaambiwa amegeuza mashariki. Akamwonea huruma. Na Gwakisa akimwonea mtu huruma, huwa anafuta. Alichukua raba ya Ikupa, ile ya waridi yenye sura ya nguruwe, akafuta mia tatu na sita kumi na moja, akaandika hamsini na nne kumi na moja, akiiga hadi tarakimu za nne za Avelina, zilizo wazi juu. Akapuliza vumbi la raba. Akalala vizuri.

Jumamosi waliitwa nyumbani kwa James, mchana, kahawa mezani. James alisukuma madaftari yote mawili mbele yao kwa kidole.

"Siwezi kuzipokea hizi," alisema.

"Kwa nini?" Avelina akauliza.

"Zinafanana mno. Mimi na marehemu mke wangu miaka arobaini hatukukubaliana hata saa ya kula. Hakuna watu wawili wanaopima hivi."

Avelina akalichukua daftari lake. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe na hereni za shanga, amejipamba kidogo kwa ajili ya pongezi. Akaenda nalo dirishani, akauinua ukurasa kwenye mwanga. Karatasi ilikuwa imekonda mahali kumi na moja.

Akalifunga daftari. Alimshukuru James kwa kahawa.

*

Kwenye gari Avelina aliwasha injini lakini hakuondoka.

"Nilitaka kukusitiri," Gwakisa alisema.

"Na nini?"

"Uligeuza upande. Sikutaka mzee akuone—"

"Mia tatu na sitini toa mia tatu na sita, Gwakisa. Hesabu ya Ikupa. Ungeniambia ningecheka, ningekata mstari, ningesaini. Tungekula. Wewe umeingia kwenye daftari langu, ukaiga mwandiko wangu!"

"Ave, mpenzi, ni namba tu."

"Nini kingine umefuta?"

Gwakisa akatazama nje. Alipenda kuangalia nje, mnakumbuka.

Avelina naye akakumbuka. Jicho la mpima likimfungukia, linaona mpaka kichakani. "Leseni yako iko wapi?"

Gwakisa akafungua mkanda wa kiti, akaufunga tena.

"Gwakisa. Kwa nini huendeshi?"

"Imeisha."

"Si unaihuisha?"

"Wanataka makaratasi."

Gari liliendelea kunguruma palepale. Akamwambia. Aliomba karatasi za kuishi nchini, akakataliwa mwaka 2002, tangu hapo anaishi kimyakimya. Akitoka nje ya nchi, mwanasheria alimwambia, asahau kurudi kwa miaka kumi.

"Na Ikupa ana tisa sasa," Avelina alisema taratibu.

"Ana tisa."

"Kwa hiyo Kilema ulikuwa hutaki?"

"Nilitaka. Naapa nilitaka."

"Ungeniambia lini? Uwanja wa ndege?"

"Ningesema kazini wamenyima likizo. Halafu ningetafuta njia."

"Mama yangu amenunua ulezi!" Avelina akapiga usukani, honi ikalia, mbwa wa jirani akajibu. "Shuka, tafadhali."

Alishuka. Jaketi la Norm likasimama kando ya barabara mpaka basi likaja.

*

Wiki sita Gwakisa alipiga simu. Aliyepokea ni Philister, Mkenya, aliyekaa nyumba moja na Avelina.

"Philister, naomba Avelina."

"Ameniambia niseme hayuko. So hayuko."

"Namsikia anakohoa."

"Huyo ni mimi niko na ma-cold mbili. Boss, wacha nikuambie kitu. Huyu dem hali, halali, anapaki tu masanduku. Mimi ndiye na-drive kumpeleka kila mahali, macho yake yamefura hata haoni road. Ukitaka kumpigia kumpa story zingine, potea. Ukitaka kumwambia ukweli, andika."

Akaandika. Kurasa mbili, kwa kalamu ya wino, alipokosea alikata mstari mmoja na kusaini pembeni. Ilikuwa barua yenye saini nyingi kuliko mkataba wa nyumba.

Jioni ya Desemba kumi na tano simu yake ikalia.

"Bata-maji anashuka magharibi," Avelina alisema. "Kuna saa mbili za kupima. Vaa soksi mbili."

Uwanja ulikuwa mweupe mpaka kwenye miti. Ilikuwa haijafika hata saa kumi na mbili na giza limeshakaa. Ikupa alibaki kwenye gari na hita. Walifunga stendi kwenye theluji, Avelina akapima kwanza, pumzi yake ikipanda kama moshi wa jiko. Akaandika bila kuficha: mia tatu na sita. Akakata mstari mmoja. Hamsini na nne. Akasaini.

"Umeona?" alisema. "Haikuuma."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe ukurasa wa kwanza wa barua. Nilikununia tu mpaka wa pili." Akamshika mikono, glavu kwa glavu. "Sasa nisikilize. Nimefikiri. Sipandi ndege. Nabaki."

"Ubaki kwa kibali gani?"

"Kama wewe."

Gwakisa alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Gwaki, ninakupenda. Tutakuwa wawili."

"Ave, mama yangu alipozikwa nilikuwa karakana. Niliweka simu karibu na mashine ya kukatia vioo, nikasikia wanafukia. Nilisikia udongo. Msimamizi akaniuliza kwa nini nimeharibu miwani ya watu wanne. Nikasema mafua." Akamkazia macho. "Baba yako ana miaka mingapi?"

Avelina akakung'uta theluji kwenye stendi.

"Ana mingapi?"

"Sabini na nne."

"Panda ndege."

"Basi wewe njoo. Njoo, tumchukue Ikupa—"

"Wambui hatakubali, na ana haki. Nikitoka, nitamkuta binti wa miaka kumi na tisa ananiita sir."

Kwenye gari Ikupa alifuta ukungu wa kioo kwa kiganja, akawatazama. Akashusha kioo kidogo. "Are you guys done fighting?"

"Hatugombani, mama," Avelina akasema.

"Then why is Auntie crying?"

Kioo kikapanda.

Walilia, ndiyo, na machozi ya Minnesota Desemba yanaganda kwenye kope, ukipepesa yanakata. Walicheka kidogo kwa sababu hiyo. Wakabusiana, pua zao baridi kama chupa. Halafu Avelina akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, penye Krismasi na Kilema, akampa Gwakisa penseli.

"Wewe ndiye uliyekosea hapa," alisema. "Rekebisha."

Gwakisa alivua glavu. Akakata mstari mmoja, taratibu, maneno yasomeke chini yake. Pembeni palikuwa pa kuandika lililo sahihi. Alikaa na penseli mpaka vidole vikafa ganzi. Hakupata cha kuandika. Akasaini.

Darubini Avelina aliondoka nayo, lakini masanduku yalikuwa yamejaa, likaingia bomba tu, limeviringishwa kwenye koti la njano, na kile kioo cha kupimia, ambacho James alisema asirudishe. Miguu ikabaki Hopkins, kwa Gwakisa.

*

Agosti iliyofuata, saa sita mchana, Gwakisa alikuwa anakula mkate nyuma ya karakana. Jua lilikuwa kali. Simu ikalia namba ndefu.

"Norm."

"Ave! Huko saa ngapi?"

"Saa mbili usiku. Bata-maji yuko juu ya mgomba wa mama, namwona mzima. Wewe unamwona?"

Gwakisa akatazama juu, akafumba jicho moja. "Naona jua, mama. Nyota zote umechukua wewe."

"Ikupa hajambo?"

"Urefu bado, ila kiburi ananizidi. Anasema nikwambie kande za huku bado ni saruji."

Akacheka. Kile kicheko. Halafu akasema, "Nimepima leo, Gwaki. Mara ya kwanza tangu nirudi."

"Bila miguu? Umeshika kwa mkono?"

"Fundi seremala amenitengenezea stendi ya mninga. Nzito, haitikisiki." Laini ikavuma. "Nimepata hamsini na nne na nusu."

"Vizuri. Ulisoma mwenyewe na kuandika mwenyewe gizani?"

"Hapana. Nina mtu ananiandikia."

Gwakisa aliuweka mkate chini, juu ya karatasi yake.

"Anaitwa Elihuruma. Tuko naye ofisi moja," Avelina alisema. "Baba amepokea barua ya posa kutoka kwao mwezi uliopita. Nimeona nikuambie mwenyewe. Usije ukaisikia kwa Philister."

"Umefanya vizuri." Akaukunja mkate kwenye karatasi. "Anafuta?"

"Nini?"

"Ukikosea. Anafuta?"

"Hafuti," Avelina alisema. "Anakata mstari mmoja."

"Basi mpe kazi, mama. Mpe daftari."

Kengele ya kumaliza mapumziko ikalia, wakaagana harakaharaka kama watu watakaoongea kesho.

Jioni Gwakisa alifika kwake, akavua jaketi, akalitundika kwenye stendi, maana miguu ile mitatu pale kwenye kona ilikuwa imebaki kuwa ya kutundikia nguo. Akachukua daftari lake la nyota. Ukurasa mpya. Akaandika tarehe. Nyota: Albireo. Digrii: hamsini na nne na nusu. Mpimaji: Avelina, Kilema.

Kulikuwa na safu moja zaidi, ya mwandishi. Kiangazi kizima cha mwaka uliopita safu hiyo aliijaza jina lake bila kuangalia. Akaiweka penseli mezani, akatafuta kalamu ya wino kwenye droo, akaijaribu pembeni kama inatoka.

Ilitoka. Akaandika, Elihuruma.